Jinsi Watu Walivyojifunza Kuitunza Damu

Katika Injili ya Marko twasoma habari za mwanamke mmoja aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka kumi na miwili. Alikwenda kwa tabibu huyu na huyu, fedha zikamwishia, na hali yake haikutengenea. Sisi husoma habari hizo kwa ajili ya imani yake, na ni haki. Lakini tukizitazama tena twaona na jambo jingine ndani yake, nalo ni unyonge wa matabibu. Kuzuia damu isitoke mwilini ni kazi ambayo wanadamu wamejifunza polepole sana, na baadhi ya mafunzo yake yamepatikana katika siku zetu hizi.

Twakusudia kueleza historia ya kazi hiyo, na mfano tutakaoufuata ni upasuaji mmoja, yaani kumtia mgonjwa goti la bandia. Huenda msomaji akasema, "Goti la bandia lanihusu nini mimi, na kijijini kwetu hakuna hata mmoja aliyetiwa?" Twamsihi asituache njiani. Dawa iliyokuja kupunguza damu ya goti ilitafutwa kwanza kwa ajili ya akina mama wanaojifungua. Ikapita katika magoti ya wazee wa Ulaya, na ndipo ikarudi kwa akina mama, hata wa nchi zetu. Habari hii ina mafunzo kwa kila nyumba yenye mzee wa magoti mabovu, na kwa kila nyumba yenye mwanamke mjamzito.

Kwa nini goti hutoka damu nyingi

Mwili wa mtu mzima una damu kadiri ya lita 5. Akipungukiwa na nusu lita, kama wafanyavyo watu wanaojitolea damu hospitalini, mwili hujirudishia wenyewe bila taabu kubwa. Akipungukiwa na lita moja na nusu, moyo huenda mbio, ngozi hupoa, kichwa huzunguka. Na damu ikizidi kutoka, maisha yake yamo hatarini.

Goti ni kiungo kikubwa. Juu pana mfupa wa paja, na chini pana mfupa wa muundi, na ncha za mifupa hiyo miwili zimefunikwa kwa gegedu, kitu laini kitelezacho, ili mifupa isisagane. Uzee, unene, kuumia, na maradhi ya baridi yabisi huila gegedu hiyo hata mfupa hukutana na mfupa. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kwenda shambani wala sokoni. Kupiga magoti wakati wa sala ni mateso kwake, na usiku halali kwa maumivu. Dawa zikishindwa, daktari hukata kipande chembamba katika ncha ya kila mfupa, akazifunika ncha zile kwa madini, na katikati akatia plastiki ngumu, iwe badala ya gegedu iliyolika.

Basi ndani ya ncha za mifupa mmejaa vitundu vidogo, mfano wa sega la nyuki, na kila kitundu kina damu. Mshipa uliokatwa katika nyama waweza kufungwa kwa uzi. Lakini nani awezaye kuvifunga kwa uzi vitundu vya mfupa? Ndiyo sababu damu huendelea kuvuja saa nyingi baada ya jeraha kushonwa, na sehemu kubwa yake haionekani kwa macho, bali hujificha ndani ya goti na katika nyama za mguu. Zamani haikuwa ajabu goti moja kumpotezea mgonjwa lita moja, au hata lita moja na nusu, na wengi hawakuweza kutoka hospitalini bila kutiwa damu ya watu wengine.

Uzi na mshipi

Kabla ya kuwako goti la bandia, kazi kubwa ya wapasuaji katika miguu ilikuwa kukata, hasa vitani. Siku zile za kale Ulaya, mpasuaji alikuwa ndugu yake kinyozi. Chama chao kilikuwa kimoja. Mguu ulipokatwa, damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, au kwa mafuta yaliyochemka. Wengi waliosalimika na damu walikufa kwa uchungu au kwa jeraha lililooza.

Ufaransa alikuwako mpasuaji aliyeitwa Ambroise Paré, aliyeanza maisha yake katika kazi hiyo ya unyozi, naye akaja kuwatumikia wafalme wanne. Mwaka wa 1552, mji wa Damvillers ulipohusuriwa, alimkata mguu mtu mmoja aliyepigwa risasi, lakini hakutumia chuma cha moto. Aliikamata mishipa na kuifunga kwa uzi. Kufunga mshipa kwa uzi kulijulikana tangu zamani kwa majeraha mengine, ila watu walikuwa hawajathubutu kukutegemea katika kazi kubwa ya kukata mguu. Paré alithubutu, na mgonjwa wake akaishi. Alikuwa na desturi ya kusema ya kuwa kazi yake yeye ni kumfunga mgonjwa jeraha, na anayemponya ni Mungu.

Lakini uzi una upungufu wake. Ili kuufunga mshipa yakupasa kwanza kuuona, na mguu uliokatwa humwaga damu nyingi kabla mishipa yote haijakamatwa. Mwaka wa 1718 Jean Louis Petit wa Paris alionyesha mshipi wenye parafujo: mshipi ulizungushwa pajani, parafujo ikakazwa taratibu, na damu ikazuiliwa kwa muda. Mwaka wa 1873 Friedrich Esmarch, tabibu wa Kiel katika Ujerumani, aliongeza hila nyingine. Aliuviringisha mguu kwa utepe wa mpira tangu vidoleni kwenda juu, ili damu iliyo ndani irudi mwilini, kisha akaufunga mguu pajani. Alipopasua aliona nyama nyeupe isiyo na damu. Na mwaka wa 1904 Harvey Cushing wa Marekani alifanya mshipi wa kujazwa hewa, kama mpira wa baiskeli, usioumiza mishipa ya fahamu kama ule wa zamani. Mshipi wa namna hiyo ungali ukitumika hata leo katika vyumba vya kupasulia.

Hata hivyo mshipi haukuondoa tatizo. Mshipi huizuia damu wakati wa kupasua tu. Ukilegezwa, damu hurudi mguuni kwa nguvu, na vile vitundu vya mfupa huanza kuvuja. Mfano wake ni kama mtu azuiaye maji ya mfereji kwa mkono wakati anapotengeneza boma la shamba lake. Siku anapouondoa mkono ndipo atakapojua kama boma limeshika.

Goti la kwanza la bandia

Mwaka wa 1890, katika mji wa Berlin, Themistocles Gluck alimpasua msichana wa miaka 17 ambaye goti lake lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Akamtia goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu, lenye bawaba kama ya mlango. Mwanzoni mambo yalionekana mema. Lakini viungo alivyowatia wagonjwa wa namna hiyo havikudumu, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa ungali ndani ya mfupa. Gluck mwenyewe alikiri ya kuwa kiungo chenye ugonjwa huo hakifai kutiwa kitu cha kigeni. Twamheshimu kwa kuwa aliyasema makosa yake mbele ya watu.

Miaka mingi ikapita. Katika mwaka wa 1951 Börje Walldius wa Sweden alianza kutia magoti yenye bawaba. Mwaka wa 1968 Frank Gunston, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alitia goti lisilo na bawaba, lililofuata mwendo wa goti la asili. Mwaka wa 1974 John Insall na wenzake wa New York walianza kutumia goti ambalo mengi ya siku hizi ni watoto wake. Tangu hapo kazi ikaenea. Leo watu wengi sana duniani hutiwa magoti kila mwaka, na kazi hiyo hufanywa hata Dar es Salaam na Nairobi.

Kadiri magoti yalivyozidi, ndivyo damu iliyohitajiwa ilivyozidi. Nasi hatuna budi kuuliza: damu hiyo ilitoka wapi?

Damu ya mtu kumtia mtu mwingine

Hapa twarudi kwa akina mama. Mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwako London tabibu wa wazazi, jina lake James Blundell. Alihuzunishwa sana na kufa kwa wanawake waliotokwa na damu baada ya kujifungua, na yeye amesimama karibu hana la kufanya. Akafanya majaribio, na mwaka wa 1818 akamtia mgonjwa damu ya watu wengine. Mgonjwa yule hakupona. Lakini mwaka wa 1829 Blundell aliweza kutangaza habari za mwanamke aliyetokwa na damu baada ya kuzaa, akatiwa damu, akaishi.

Hata hivyo wengine walitiwa damu wakapona, na wengine wakafa mara moja, wala hapana aliyejua sababu. Mwaka wa 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alieleza ya kuwa damu za watu ni za makundi mbalimbali, na kundi hili likikutana na lisilopatana nalo huharibika. Baadaye matabibu wakajua kutia dawa ndani ya damu ili isigande, na kuiweka katika baridi. Mwaka wa 1937 hospitali moja ya Chicago ikafungua ghala ya damu, ikaiita benki, kwa kuwa watu waliweka na kutoa.

Ilikuwa neema kubwa, lakini haikukosa hatari. Damu hupita na maradhi ya mwenyewe. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotokea, watu wengi walikuwa wametiwa damu yenye virusi kabla ya kupatikana njia ya kuipima mwaka wa 1985. Ndipo wapasuaji wa Ulaya na Marekani, waliozoea kuagiza damu kama mtu aagizavyo maji, walipoanza kujiuliza kama mgonjwa huyu au yule aihitaji kweli. Siku hizi damu hupimwa, na hatari imepungua sana. Lakini upungufu haujaondoka. Wazee wetu husema, "Akiba haiozi." Akiba ya damu huoza: hata ikiwekwa vizuri katika baridi, haipiti siku 35 au 42, kwa kadiri ya dawa iliyotiwa ndani yake. Kwa hiyo ghala iliyo bora kuliko zote ni mishipa ya mgonjwa mwenyewe, na chupa ya damu iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajiwa.

Mwanamke wa Japani na wavu wa damu

Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ya Japani ilikuwa maskini, na miji yake mingi imeteketea. Katika mji wa Tokyo walikuwako mtu na mkewe, wote wawili matabibu, Shosuke na Utako Okamoto. Walitaka kufanya utafiti wa maana, wala fedha hazikuwako. Wakachagua kuchunguza damu, maana damu haikuhitaji kununuliwa. Isipotosha waliweza kutoa yao wenyewe. Utako alikuwa na mtoto mchanga, na pahali pa kumwacha hapakuwa. Akafanya kazi yake na mtoto mgongoni, kama wafanyavyo akina mama wa kwetu shambani. Aliposimama mara ya kwanza kueleza kazi yake mbele ya wakubwa, baadhi ya wanaume walimdhihaki, wakamwuliza kama amekuja kuwachezea ngoma. Hakuacha kazi yake kwa sababu ya kicheko chao. Shabaha yake ilikuwa hasa kuwaponya wanawake wanaokufa kwa damu baada ya kuzaa.

Ili tufahamu walichokitafuta, na tuufikirie wavu wa mvuvi. Mtu akikatwa, damu yake hufuma nyuzi nyembamba mahali palipokatika. Nyuzi hizo huzinasa chembe za damu kama wavu unasavyo samaki, na tundu huzibika. Lakini wavu huo haukuumbwa udumu milele, maana ungeiziba mishipa. Basi Mungu ameweka katika damu kitu kingine kiukatacho wavu baada ya kazi yake kwisha. Twaweza kukifananisha na panya atafunaye nyuzi. Katika kidonda kidogo panya huja kwa wakati wake. Katika jeraha kubwa, katika kuzaa kwenye shida, na katika goti lililopasuliwa, huamka mapema mno, akautafuna wavu kabla tundu halijapona, na damu ikaanza tena.

Akina Okamoto walitafuta kitu cha kumfunga panya huyo kinywa. Kwanza waliona dawa moja iliyofaa kidogo, nao hawakuridhika, wakaendelea kutafuta. Mwaka wa 1962 walitangaza dawa iliyoizidi ile ya kwanza mara 27 kwa nguvu, iitwayo asidi ya traneksamiki. Yafaa tukumbuke vizuri kazi yake: dawa hii haifumi wavu, huzuia wavu uliokwisha kufumwa usitafunwe. Kwa hiyo haifanyi kazi ya uzi wa Paré. Mshipa mkubwa uliokatwa hauna budi kufungwa. Lakini vile vitundu vya mfupa, visivyofungika kwa uzi, ndivyo vinavyohitaji wavu udumu.

Utako aliwaomba matabibu wa wazazi waijaribu kwa akina mama wanaotokwa na damu. Hakuweza kuwashawishi. Dawa ikatumika kwa mambo mengine: kwa wanawake wenye hedhi nyingi kupita kiasi, na kwa wagonjwa ambao damu yao haigandi upesi, wanapong'olewa meno. Lile alilolitamani zaidi likakaa pembeni kwa zaidi ya miaka arobaini.

Dawa inaingia katika goti

Katika miaka ya 1990 matabibu wa Ulaya ya kaskazini walikumbuka dawa hii walipokuwa wakihangaika na damu ya magoti. Mwaka wa 1995 walitangaza majaribio yao watu wa Helsinki katika Finland. Na mwaka wa 1996 wapasuaji wa Malmö katika Sweden walitangaza yao, waliyoyafanya kwa wagonjwa 86. Wengine walipewa dawa karibu na wakati wa kulegezwa mshipi, na wengine walipewa maji yasiyo na dawa, wala mgonjwa wala mpasuaji hakujua nani amepewa nini, ili mtu asivutwe na matumaini yake mwenyewe. Ilionekana ya kuwa waliopewa dawa walipoteza damu karibu nusu tu ya wenzao, na waliohitaji kutiwa damu walikuwa wachache zaidi.

Majaribio mengine mengi yakafuata katika nchi nyingi, na jibu likawa lile lile. Watu waliogopa ya kuwa dawa hii ingegandisha damu mahali pasipotakiwa, katika mapafu au katika mishipa ya mguu. Lakini kwa wagonjwa wengi wa goti hofu hiyo haikuthibitika. Hata hivyo daktari humwangalia kwa uangalifu mtu aliyewahi kupata maradhi ya damu kuganda, na hii si dawa ya mtu kujinunulia na kujitibu nyumbani.

Pamoja na dawa wakajifunza mambo mengine madogo. Zamani walizoea kuacha bomba ndani ya goti ili kuitoa damu iliyojikusanya. Baadaye wakaona ya kuwa mara nyingi bomba haliwafai wagonjwa, na huenda likazidisha damu inayotoka. Wakajifunza kumtunza mgonjwa asipate baridi mezani, maana mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Tena wakajifunza kuipima damu ya mgonjwa majuma kadhaa kabla ya siku ya kupasuliwa, na kama imepungua kutafuta sababu na kuitibu kwanza. Mtu aingiaye chumba cha kupasuliwa na damu chache ni kama msafiri aanzaye safari ya jangwani na kibuyu nusu. Hakuna katika mambo hayo lililo la ajabu, na kila moja laokoa kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Hivi leo, katika hospitali zifuatazo taratibu hizo, wengi wa watiwao magoti hawahitaji damu ya mtu mwingine hata tone moja.

Dawa inarudi kwa akina mama

Sasa twafika mahali tulipotaka kufika. Mwaka wa 2010 yalitangazwa majaribio makubwa ya dawa hii kwa watu 20,211 walioumia katika ajali na majeraha, katika nchi 40. Katika kila watu 1,000 wasiopewa dawa walikufa kadiri ya 160, na katika kila 1,000 waliopewa walikufa kadiri ya 145. Mwaka huo huo matabibu wakaanza kufanya lile ambalo Utako Okamoto aliliomba tangu ujana wake. Kazi ikaongozwa kutoka London, na wanawake 20,060 waliotokwa na damu baada ya kujifungua wakaandikishwa katika nchi 21, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, na Kongo.

Kuandikishwa huko kulikwisha Aprili 2016. Mwezi ule ule Utako Okamoto akafariki, mwenye umri wa miaka 98. Majibu yalitangazwa mwaka wa 2017, naye hakuyasoma. Yalionyesha ya kuwa dawa hupunguza vifo vya kutokwa na damu, na hasa ikitolewa mapema. Kati ya wanawake waliotibiwa kabla ya kupita saa 3 tangu kujifungua, waliokufa kwa damu upande wa waliopewa dawa walikuwa 89, na upande wa wasiopewa 127, na pande hizo mbili zilikaribiana kwa wingi. Katika mwaka huo Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri ya kuwa mzazi anayetokwa na damu nyingi apewe dawa hii mapema, pamoja na matibabu mengine, kabla ya saa 3 kupita.

Hapa yatupasa kusema neno moja bila kuficha. Tangu dawa ilipotangazwa mwaka wa 1962 hata ilipothibitishwa kwa wazazi ilipita miaka 55. Katika muda huo ilikwisha kuwafaa wazee wa nchi tajiri katika magoti yao, na hatuwaonei wivu, maana maumivu ya goti ni maumivu kweli. Lakini mama aliyekuwa akifa kwa damu kijijini hakuwa na mtu wa kumpigania. Si kwamba dawa haikuwako, wala haikuwa ya gharama kubwa mno. Ila waliokuwa na uwezo wa kuuliza swali hawakuliuliza. Kosa la namna hii hatulioni upesi, kwa sababu hakuna aliyefanya ubaya kwa mkono wake.

Wala tusidhani ya kuwa dawa hii yaweza kila kitu. Mwaka wa 2023 yalitangazwa majaribio mengine katika Pakistan, Nigeria, Tanzania, na Zambia, kwa wanawake 15,068 waliokuwa na upungufu wa damu kabla ya kujifungua. Walipewa dawa mapema baada ya kuzaa, kabla ya kuonekana damu nyingi, ili kuzuia isije. Na dawa haikuzuia. Kwa hiyo fundisho la goti lasimama hata hapa: dawa humsaidia mwenye akiba, lakini akiba yenyewe lazima itengenezwe mapema. Mjamzito mwenye upungufu wa damu atibiwe upungufu huo wakati mimba ingali changa.

Yatupasayo sisi

Basi, ndugu wasomaji, mafunzo ni haya. Mwenye mzee nyumbani anayekwenda kupasuliwa goti au kiungo kingine na amwulize daktari mapema: Je, damu yake imepimwa? Kama imepungua, sababu yake ni nini, malaria, minyoo, au chakula duni? Tena amwambie daktari kila dawa anayotumia mgonjwa, pamoja na zile za miti, na asipirini pia, maana nyingine huizuia damu isigande. Asione haya kuuliza kama kuna dawa ya kupunguza damu, na kama yamfaa.

Mwenye mke mjamzito na ampeleke kliniki tangu miezi ya mwanzo, ale chakula cha kuongeza damu, na ameze vidonge vya madini ya chuma apewavyo, asivifiche chini ya mto. Siku zikikaribia, njia ya kwenda hospitalini iwe imekwisha fikiriwa, maana zile saa 3 hazimngojei mtu anayetafuta gari usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kila mwenye afya akubali kutoa damu anapoombwa. Kila goti linalotengenezwa bila kutumia chupa ya damu huiacha chupa ile katika baridi kwa ajili ya mwingine, labda kwa ajili ya mwanamke anayeletwa usiku kwa machela. Mzee yule hatamjua mama huyu, wala mama hatamjua mzee; lakini mmoja amemwachia mwenzake uhai.

Uzi wa Paré, mshipi wa Petit, na dawa ya Okamoto ni kazi za watu waliokataa kusema ya kuwa damu ikimwagika ndiyo basi. Hao wamefanya sehemu yao. Sehemu iliyobaki, ya kupima mapema, kula vizuri, kufika kwa wakati, na kutoa tulicho nacho, haihitaji elimu ya Berlin wala ya Tokyo. Hiyo ni yetu.